Cessna iliyokataa kuruka Goma

Alasiri moja ya 2010, pale Birere, mtaa wa Goma, kuranti ilirudi saa nane. Kwa kuwa hakuna aliyejua itakaa mpaka lini, mdogo wangu aliwahi kiti kabla kompyuta haijamaliza kuwaka. Programu ilikuwa Microsoft Flight Simulator X, ya kuigiza urubani, ndege Cessna 172SP, ndogo ya propela moja, uwanja huu wetu wa Goma. Kabla ya kumwachia kibodi nilifungua ukurasa wa uhalisia, nikasukuma vipimo vyote mpaka mwisho wa kulia, kisha nikaondoa alama kwenye misaada miwili: usukani wa mkia unaojiendesha, na mchanganyiko wa mafuta na hewa unaojirekebisha. Niliona misaada ile ni ya watoto.

Jaribio la kwanza halikufika mbali. Ukipeleka gesi yote, mzunguko wa propela huivuta ndege kushoto, na rubani huizuia kwa mguu wa kulia. Sisi hatukuwa na pedali, tulikuwa na sifuri na Enter za upande wa namba. Ukibonyeza mara moja haitoshi, ukibonyeza tena imezidi. Ndege ilipepesuka kama mlevi, ikaingia kwenye mawe.

La pili alinyoosha vizuri, ila mwendo ulipanda polepole mno. Noti 55 (noti ni kipimo cha mwendo wa ndege), ambazo hapo ndipo unavuta pua, zilikuja tumeshamaliza sehemu kubwa ya njia. Ikainuka kidogo, ikazama, tukaishia kwenye nyumba za kusini. Hakuna aliyecheka. Mwezi wa Aprili 2008 ndege ya kweli iliyoshindwa kuruka iliishia mitaa hiihii.

“Yaya, hii ndege iko nakataa kuruka.”

Nikadhani kompyuta ni nzito. Mzee jirani, aliyewahi kushika injini za ndege ndogo, alikuwa amesimama mlangoni akingoja simu yake ichaji.

“Motere iko nakunywa esanse mingi, hewa kidogo,” akasema. “Mulivuta ile ya nyekundu?”

Hatukuwa tumeivuta. Ukiwasha injini kwa Ctrl+E, programu inauacha mkono mwekundu, ule wa mchanganyiko, mbele kabisa, yaani mafuta tele, jambo linalofaa uwanja ulio karibu na usawa wa bahari. Goma iko futi 5,089, karibu mita 1,550, na hewa ni nyepesi, sababu ileile inayochelewesha maharage yetu jikoni. Kukiwa na joto la digrii 25, injini inahisi kama iko futi 7,500. Injini isiyo na turbo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, hivyo nguvu za farasi 180 za Cessna ile zinabaki 140 hivi hata mchanganyiko ukiwa sawasawa. Mafuta yakizidi, hata hizo huzipati. Isitoshe, noti 55 za kwenye saa ya mwendo ni kama 62 za kweli, kwa hiyo njia inaliwa zaidi.

Dawa yake: shika breki, peleka gesi yote, halafu bonyeza Ctrl+Shift+F2 kidogokidogo huku ukitazama saa ya mizunguko. Sindano itapanda, itasimama, kisha itaanza kushuka. Hapo rudisha kidogo kwa Ctrl+Shift+F3, achia breki. Kitabu cha ndege yenyewe kinataka hivyo kwenye kiwanja chochote kilichozidi futi 3,000.

Nikarudisha usukani wa mkia unaojiendesha, maana kidole si mguu, na ugumu ule ulikuwa wa kibodi, haukuwa wa ndege. Mchanganyiko nikauacha mikononi mwa mdogo wangu. Ule msaada ungemrusha salama bila yeye kujua kwamba Goma iko juu.

Jaribio la tatu liliacha ardhi mapema, tukavuka ziwa kuelekea Kavumu, uwanja wa Bukavu, dakika 25 hivi. Alipoanza kushuka akauliza kama arudishe mkono mwekundu mbele wote.

“Kavumu ni juu kupita Goma,” mzee akajibu. “Ongeza kidogo tu.”

Alikuwa amebonyeza mara mbili kuranti ilipokatika. Mzee akachomoa simu yake, ikiwa na nusu ya chaji, akaenda.