Watoto wa mbwa hawakulishwa sumu

Jumapili jioni

Leo nimeshinda nikipita nyumba hadi nyumba hapa mtaani kwetu, pembezoni mwa Arusha, nikirudia jambo moja: hakuna aliyewalisha watoto wa mbwa sumu. Baadhi wamenisikiliza. Wengine wamenikaribisha chai, wakaitikia kwa adabu, kisha wakabaki na imani yao. Nawaelewa. Huku kwetu mbwa ni mlinzi, na mwizi anayetaka kuingia kwenye ua wa mtu huanza na mbwa. Vipande vya nyama vilivyotiwa dawa tumeshaviokota chini ya kuta zetu. Sasa mtoto wa mbwa aliyekuwa akicheza jana akiamka anatapika, na jua likizama anahara damu, mtu humkumbuka nani kama si jirani waliyegombana naye juu ya mpaka au kuku? Kuna familia mbili hapa hazisalimiani tangu masika yaanze, na sababu ni watoto wa mbwa waliokufa usiku mmoja.

Waliokufa walikuwa na parvo. Ni virusi, na kwa mtu anayetazama kwa utulivu dalili zake hazifanani sana na za sumu. Sumu wanayotumia wezi huangusha mbwa kwa saa chache, mkubwa kwa mdogo, mara nyingi kwa kutetemeka, povu na degedege. Parvo huanza polepole. Mtoto wa mbwa anakataa chakula, anajikunyata pembeni, mwili una joto, halafu anatapika, halafu anahara, na kuhara huko hugeuka damu yenye harufu ambayo ukishaikuta mara moja hutaisahau. Tena parvo huwapata zaidi wadogo, hasa wa kati ya wiki 6 na miezi 6. Katika ule ua wa familia zilizonuniana, mama wa wale watoto yupo, mzima, anabweka kila nikipita. Kama ingekuwa nyama yenye sumu, yeye ndiye angeiwahi.

Nimeyaona haya kwa karibu kupitia Tomi, mbwa wa dada wa nyumba ya pili. Nilimsindikiza kwa daktari wa mifugo, tumemfunga Tomi kwenye kanga, tumepanda bajaji huku mvua ikinyesha. Daktari alichukua kinyesi kidogo kwa pamba, akakiweka kwenye kipimo kinachofanana na kile cha haraka cha malaria, na baada ya muda mfupi mistari miwili ikatokea. Dada akauliza kama kuna dawa ya kuwaua hao virusi. Daktari akamwambia ukweli: anachoweza yeye ni kumshikilia mbwa asife wakati mwili wake mwenyewe unapigana. Maji ya dripu, sindano ya kuzuia kutapika, antibayotiki, na chakula kidogo kidogo mara tu tumbo likikubali.

Nilimuuliza kwa nini antibayotiki ikiwa ni virusi, na jibu lake limenifanya nielewe ugonjwa wote. Virusi vya parvo haviwezi kuzaliana ndani ya seli iliyotulia. Vinahitaji seli inayogawanyika kwa kasi. Katika mwili wa mtoto wa mbwa seli za namna hiyo ziko hasa kwenye utando wa utumbo na kwenye uboho wa mifupa. Kwa hiyo vinapiga sehemu mbili kwa wakati mmoja. Utando wa utumbo unabanduka, damu na maji vinamwagika, na bakteria waliokuwa wakiishi tumboni bila madhara wanapenya hadi kwenye damu. Saa hiyo hiyo uboho, ambao ndio unaotengeneza chembe nyeupe za kupambana na bakteria hao, umeshapigwa. Mbwa wengi wa parvo huuawa na upungufu wa maji na hao bakteria. Ndiyo maana wale wasiotibiwa hufa hadi 9 kati ya 10, ilhali wanaowahi dripu na uangalizi wa kweli wengi wao hupona. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha kwa masharti sindano ya kingamwili iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya parvo. Daktari wetu hana sindano hiyo. Ana dripu na mikono yake, na nilimwona akifanya kazi kwa moyo.

Tomi amepona. Amebaki mbavu tupu, lakini anakula.

Wakati nikisubiri pale nilisikia watu wakisimulia walichowapa mbwa wao kabla ya kufika: maziwa, mafuta ya kupikia, maji ya mkaa, vidonge vya binadamu vya maumivu. Yote hayo hutokana na ile dhana ya sumu. Mbwa anayetapika ukimmiminia maziwa au mafuta kwa nguvu yanaweza kuingia mapafuni, na vidonge vingi vya maumivu vya watu vinajeruhi tumbo la mbwa ambalo tayari linavuja damu. Saa zinazopotea kwenye tiba hizi ndizo saa ambazo dripu ingefaa zaidi.

Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia leo, "Mwanangu, hayo ni magonjwa ya mbwa wa kizungu. Mbwa wetu wa kienyeji ni wagumu." Nilimjibu, "Mzee wangu, kumbuka mbwa wako alizaa watoto wangapi mwaka juzi, na wangapi walifika kubweka." Alinyamaza kidogo akihesabu. Ni kweli Rottweiler, Doberman na German Shepherd huumwa vibaya zaidi. Lakini mbwa wa kienyeji tunayemwona mgumu ni yule aliyesalia. Ndugu zake walizikwa chini ya migomba kabla hata hawajapewa majina, na hakuna aliyeandika walikufa kwa nini.

Ugonjwa huu wala si wa kale. Ulijulikana mwaka 1978, na katika muda wa miaka miwili hivi ulikuwa umezunguka dunia. Virusi vyake ni jamaa wa karibu wa virusi vinavyoua paka kwa kuhara, vikabadilika kidogo na kupata njia ya kuingia kwenye mbwa. Wakati ule hapakuwa na mbwa hata mmoja mwenye kinga, kwa hiyo walikufa wakubwa na wadogo, na watoto wengine walianguka ghafla kwa sababu virusi viliingia kwenye misuli ya moyo. Madaktari walianza kwa kuwachanja mbwa kwa chanjo ya paka, kwani hiyo ndiyo iliyokuwepo. Kisha Leland Carmichael na Max Appel, wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, wakatengeneza chanjo ya mbwa wenyewe. Nikifikiri kwamba maradhi haya na kinga yake vimetenganishwa na miaka michache tu, naumia kuona watoto wa mbwa bado wanakufa mtaani kwetu kana kwamba chanjo haijavumbuliwa.

Ila nimegundua kwamba wengi hapa wanaamini kwa dhati kuwa mbwa wao wamechanjwa. Wana hata kadi. Ninapoomba kuiona, nakuta chanjo ya kichaa cha mbwa, ile inayotolewa kwenye kampeni, watu wamepanga foleni na mbwa wamefungwa kamba za katani. Kampeni hiyo ni jambo kubwa, inaokoa watoto wetu wa kuzaa, na naomba isikome kamwe. Lakini haimkingi mbwa dhidi ya parvo. Hiyo ni chanjo nyingine, na kwa kawaida inakuja pamoja na ya distempa, ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa, na ya homa ya ini ya mbwa katika sindano moja.

Wengine kadi zao zina parvo kweli, sindano moja, mbwa akiwa na wiki sita. Hawa ndio wanaonisikitisha kuliko wote, kwa sababu walitoa pesa, walifanya walichoambiwa na muuzaji, na mbwa akafa. Sasa wanasema chanjo ni uongo.

Inafaa nilieleze hili bila haraka. Mtoto wa mbwa akinyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza kabisa, anapokea kingamwili za mama yake. Zinamlinda, lakini pia zinaikamata chanjo na kuizima kabla mwili wake haujajifunza kitu. Kingamwili hizo hupungua wiki hadi wiki, na kila mtoto ana kasi yake, hata ndugu wa tumbo moja. Kuna kipindi ambacho zimeshakuwa chache mno kumlinda na virusi vya mtaani, ila bado zinatosha kuizima chanjo. Hakuna anayeweza kukitazama kipindi hicho kwa macho. Ndiyo sababu sindano hurudiwa: ya kwanza kwenye wiki 6 hadi 8, kisha kila baada ya wiki 2 hadi 4, na ya mwisho isiwe kabla ya wiki 16. Hiyo ya mwisho ndiyo ambayo watu huiruka, kwa sababu mbwa ameshakuwa mkubwa, anakimbia, anaonekana amevuka. Na kumbe kwa mbwa wengine hiyo ndiyo pekee iliyofanya kazi. Baadaye anaongezewa akiwa na miezi 6 au mwaka, halafu kwa parvo inatosha kila baada ya miaka 3.

Kwa hiyo kwa anayenunua mbwa barabarani, ushauri wangu ni kuacha kuuliza kama amechanjwa. Muulize muuzaji alizaliwa lini, alichomwa chanjo gani, na tarehe gani. Akishindwa kujibu, mhesabu mbwa huyo kuwa hajachanjwa hata kama ana kadi yenye muhuri.

Chanjo yenyewe ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na inatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani hadi inapochomwa. Umeme ukikatika siku nzima na friji la duka la dawa za mifugo likapata joto, kichupa hakibadiliki sura. Mimi sasa siipokei chanjo iliyobebwa mfukoni. Natazama kama imetoka kwenye kasha la barafu.

Jambo la mwisho la ugonjwa huu, na ndilo linaloutia mtaa mashakani mwaka mzima, ni udongo. Mbwa aliyeambukizwa huanza kutoa virusi kwenye kinyesi siku kadhaa kabla hajaonyesha dalili, na huendelea kwa wiki mbili hivi hata akipata nafuu. Virusi hivyo havina ule utando wa mafuta ambao sabuni huuyeyusha, hivyo sabuni peke yake haiviui. Kwenye kivuli chenye unyevu hukaa miezi, hata kupita mwaka. Vinasafiri kwenye viatu, matairi, miguu ya kuku, mikono ya mtoto aliyemshika mbwa wa jirani. Watoto wetu haviwadhuru, hilo nimelisema kila nyumba kwa sababu kina mama waliuliza. Kwenye sakafu ya saruji na vyombo, osha kwanza uchafu wote utoke, kisha mwagia Jik iliyochanganywa na maji, kipimo 1 cha Jik kwa 30 vya maji, uiache dakika 10. Kwenye udongo haisaidii sana, tope huimaliza nguvu. Pale ondoa kinyesi, fyeka majani, acha jua liingie, na usilete mbwa mchanga asiyemaliza chanjo.

Hili la kutoleta mbwa mwingine ndilo gumu kueleweka. Mtu mbwa wake akifa, nyumba inabaki bila mlinzi, na wiki inayofuata analetewa mwingine na shemeji kutoka kijijini. Anafungwa kamba palepale alipofia wa kwanza. Nimewaomba wenye uhitaji wa haraka wachukue mbwa mkubwa aliyekwisha kuchanjwa.

Na si sisi tu tunaoguswa. Mwaka 1994 distempa iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi ndio waliotajwa kuwa chanzo. Baada ya hapo mbwa wa vijiji hivyo wakaanza kuchanjwa kwa wingi dhidi ya kichaa, distempa na parvo. Mbwa mwitu nao, ambao wamebaki wachache, wako hatarini kwa magonjwa haya haya. Niliposimulia hilo leo, vijana wa bodaboda walisikiliza kuliko nilivyotarajia.

Kabla giza halijaingia nilimalizia nyumba ya kona. Mbwa wao ana mimba, na mama mwenye nyumba alitaka achanjwe kesho. Nilimweleza kwamba chanjo hai haipewi mwenye mimba. Yeye atachanjwa baadaye, ila watoto tunaweza kuwapangia mapema. Tumechukua kalenda ya ukutani tukaweka alama za makadirio: wiki ya 6, ya 9, ya 12, ya 16. Daktari amekubali kuja na kasha lake la barafu iwapo mbwa watakuwa wengi kiasi cha kulipia safari yake, kwa hiyo kesho jioni naanza kuandikisha majina na michango, na wenye mbwa wakubwa wasio na chanjo wataanza na safari hiyo ya kwanza bila kungoja hao wa kona wazaliwe.