Nilivyofanikiwa kuhamishia makabidhiano ya zamu kitandani kwa mgonjwa

Wauguzi wa wodi yetu ya upasuaji tulikuwa tunakabidhiana zamu kwenye chumba cha wauguzi, mlango umefungwa. Anayetoka anasoma daftari lake, anayeingia anaandika, wagonjwa wako upande wa pili wa ukuta. Nilitaka tukabidhiane kitandani, mgonjwa mwenyewe akisikia, ili anayeingia aone kwa macho yake dripu imebaki kiasi gani, bandeji imelowa au la, mkojo kwenye mfuko una rangi gani.

Katika kituo kidogo jambo hilo lingeamuliwa asubuhi likaanza jioni. Mwajiri wangu ni taasisi yenye hospitali kadhaa, na huko kubadilisha makabidhiano kunagusa ratiba ya zamu, malipo ya saa za ziada na sera ya usiri wa mgonjwa. Matroni alinisikiliza vizuri, akaniambia, "Sista, wazo nimelipenda, lakini sera ya taasisi nzima siwezi kuibadilisha mimi. Liandike." Nikaliandika. Kamati ya uuguzi ikalirudisha kwa kuwa fomu ya maombi ilikuwa imebadilishwa. Nikajaza mpya. Kamati ya ubora ikauliza kuhusu usiri, nikajibu, kisha mwenyekiti akahamishwa na ombi likaanza upya kwa mwingine. Hakuna hata mmoja aliyenikatalia, na hilo ndilo lililonichosha kuliko yote. Ukikataliwa unajua pa kukata rufaa. Ombi linalozunguka halina mlango wa kugonga.

Nilifikiria kuacha kazi, nisifiche. Kilichonizuia ni zamu za usiku. Mgonjwa akianza kuvuja damu saa nane za usiku, napiga simu na watu wanakuja: daktari wa upasuaji, daktari wa usingizi, na damu kutoka benki ya damu iliyo humu humu ndani. Mfamasia anapokea simu saa hiyo hiyo nikiwa na shaka na dozi. Ukishaona mtu anaokolewa kwa sababu kila anayehitajika yuko jengo moja, unavumilia fomu nyingi.

Nikaona basi ukubwa huo huo unisaidie. Taasisi kubwa ina mtu ambaye kazi yake ni kutunza ripoti za matukio: dozi iliyorudiwa, dozi iliyorukwa, mgonjwa asiye na utepe wa jina mkononi. Wodi moja ina matukio machache, mtu anaweza kusema ni bahati mbaya. Nikamwomba afisa wa ubora atazame wodi zote, achambue yale tu yaliyotokea karibu na saa za kubadilishana zamu. Alipoyaweka pamoja, hakuna aliyeweza kuyaita bahati mbaya. Mengi yalikuwa ya taarifa iliyokuwapo kichwani mwa muuguzi aliyetoka na haikumfikia aliyeingia. Tangu hapo sikuhitaji kulalamika, nilikuwa nafungua karatasi.

Nikaambatisha mapendekezo tisa ya usalama wa mgonjwa yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007, ambamo mawasiliano wakati wa makabidhiano ni mojawapo. Kwa mpangilio wa kuzungumza sikubuni kitu: hali ya mgonjwa sasa, historia yake fupi, tathmini yangu, kisha ninachopendekeza. Mpangilio huo asili yake ni jeshi la majini la Marekani, na waliouingiza hospitalini ni watu wa Kaiser Permanente, taasisi ya afya kubwa kuliko yetu kwa mbali. Niliwaambia wanakamati hivyo makusudi, maana walikuwa wanasema haya ni mambo ya vituo vidogo.

Lililofungua njia hasa ni kubadilisha nilichoomba. Sera inahitaji saini za wakurugenzi. Jaribio ndani ya wodi moja linahitaji ya matroni tu. Tukaanza na wodi yetu. Suala la usiri tulilitatua hivi: majibu ya vipimo nyeti yanasemwa chumbani kabla, kitandani tunasema kwa sauti ya chini yale ambayo mgonjwa anayajua tayari.

Asubuhi moja mwanzoni mwa jaribio nilikuwa namkabidhi mzee aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo. Chati ilionyesha dripu inakwenda sawasawa. Mwenzangu akafunua shuka ili aone kanula, ule mrija mdogo unaoingiza dripu mshipani, akakuta kiganja kimevimba, ngozi imekaza na ni ya baridi. Maji yalikuwa yanaingia nje ya mshipa. "Mzee, mkono haukuumi?" "Unauma, mwanangu, nilidhani ndivyo unavyotakiwa kuwa." Tuliitoa palepale, tukaweka nyingine mkono wa pili. Chumbani ningemwambia mwenzangu dripu iko sawa, na ningekuwa nasoma kilichoandikwa.

Matroni alipopeleka matokeo juu, mambo yakaenda kwa kasi ambayo sikuitegemea. Likishapita, jambo katika taasisi kubwa linafika kila mahali: mafunzo yalipangwa, karatasi za makabidhiano zikachapishwa, hospitali nyingine za taasisi zikaagizwa zifuate. Nimewahi kwenda kwenye hospitali dada nikawakuta wauguzi nisiowajua wamesimama kitandani, wanamuuliza mgonjwa kama ana la kuongeza. Furaha niliyoipata siku hiyo sijaipata kwenye barua yoyote ya pongezi.

Kero haijaisha. Kila idara imeongeza visanduku vya kuwekea alama kwenye ile karatasi, na nimeona wenzangu wakivijaza mezani kabla hawajafika kwa mgonjwa. Safari hii nimeanza kwa afisa wa ubora: tunatafuta visanduku ambavyo havijawahi kumsaidia mtu, ili ombi la kuviondoa liende na ushahidi wake tangu mwanzo.