Jinsi nilivyoipata makala ya sambaza ya mwaka 1960 bila kutoka Bukavu

Ukitangaza hapa Bukavu kwamba unatafuta makala ya zamani, ushauri utaupata bure na kwa wingi. Wa kwanza atakuambia weka tu kwenye Google. Wa pili ana tovuti ya wizi ambayo, kwa maneno yake, ina kila kitu. Wa tatu, na huyu ndiye anayeniudhi zaidi, amerudi juzi kutoka semina, shati limepigwa pasi, na anakueleza kwamba maktaba yako haiwezi kuazimana na nyingine mpaka inunue programu fulani, iwe na seva, na ipate mfadhili. Mimi ni mkutubi wa chuo kidogo. Nina kompyuta moja inayofanya kazi na moja inayopumzika. Nimepokea makala kutoka Ulaya, nimetuma Goma, nimetuma Lubumbashi, na seva sijaiona mpaka leo.

Habari yenyewe ilianzia kwa asistenti mmoja wa mambo ya uvuvi aliyekuwa anaandika juu ya sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Sisi wote tunakula sambaza, lakini si wengi wanaokumbuka kwamba samaki huyu ni mgeni kwetu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Vifaranga vilivyomwagwa ziwani vilikuwa vya aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, na ni hiyo ya pili tu iliyoshika. Asistenti alitaka makala iliyotoka wakati uleule katika Bulletin agricole du Congo belge, jarida la kilimo la enzi za Wabelgiji, kwa sababu kila tasnifu aliyoisoma iliitaja na hakuna hata mmoja aliyeonyesha kuwa ameiona kwa macho.

"Mama Biblio, iko au haiko?"

Haikuwepo. Hapa kwetu tuna namba chache za jarida hilo, zimeliwa kidogo pembeni, na aliyoitaka haimo. Nikamwambia aniachie karatasi yake. Ilikuwa imeandikwa: juzuu 41, mwaka 1950, na namba za kurasa.

Ingekuwa makala mpya ningeimaliza nikiwa nimeketi. Watu hawaamini, lakini chuo cha Kongo kinaweza kusoma majarida ya bei kali bila kulipa. Mpango wa Research4Life, ulioanza na HINARI ya masuala ya afya mwaka 2002, unaiweka nchi yetu katika kundi A, la wasiolipa kitu. Chuo kinajiandikisha, kinapewa jina na nywila, basi. Ila nywila hiyo ni ya chuo, si ya mtaa. Nawajua watu walioiuza kwenye cyber kwa wateja wasiojulikana, wakaanza kupakua jarida zima kwa usiku mmoja, na wachapishaji wakaona. Ukifungiwa, wanafungiwa wote, hata yule mama wa uuguzi aliyekuwa anatafuta makala mbili tu. Kando ya hapo nina Unpaywall kwenye kivinjari, kijialama cha kufuli kinachogeuka kijani pale nakala halali ya bure inapokuwepo mahali fulani. Robo tatu ya wanaonijia wakilia kwamba wanahitaji makala kutoka ng'ambo, naimaliza shida yao pale pale, bila kumwandikia mtu. Robo tatu nimekadiria tu, usinidai hesabu.

Lakini jarida la kikoloni lisilo na DOI, ile namba ya kuitambulisha makala mtandaoni, ni kesi nyingine. Hata ile tovuti ya wizi haikusaidii. Yule kijana aliyeisifu alijaribu mbele yangu, akatoka jasho, akasema mtandao ni mbaya.

Hapo nikakubali ushauri wa familia. Mtoto wa kaka yangu anasoma Ubelgiji. Kaka akasema, kwa nini unahangaika na mafomu, mtoto yuko pale pale, atakwenda na simu yake. Ushauri wa kaka mkubwa haukataliwi mbele ya watu. Kijana akaenda, maskini, siku ya mvua, akaomba juzuu 41, akaletewa. Jioni simu yangu ikaanza kulia: ting, ting, ting. Picha zinaingia moja moja, mega zangu zinakwisha, na mimi nimejaa furaha.

Nilipozifungua! Ukurasa wa kwanza una kivuli cha kichwa chake. Wa pili umepigwa kiubavu. Wa tatu umekatwa chini, pale pale penye namba ya ukurasa. Na katika kila picha, bila kukosa hata moja, kuna kidole gumba cha mtoto wa kaka yangu, kimekaa juu ya maandishi. Kidole kile sasa nakijua kuliko sura yake. Tena WhatsApp ilikuwa imezibana picha zile mpaka herufi zimegeuka ukungu, maana alizituma kama picha, hakuzituma kama dokumenti. Na baada ya kuvumilia yote hayo, nikasoma kichwa cha habari. Si makala yetu. Ni nyingine kabisa, ya samaki, lakini si ya sambaza wala ya Tanganyika.

Nikampigia. "Tantine," akasema, "ile uliyoomba haimo. Nikaona nisikuache mikono mitupu, nikakupigia hii. Nayo ni ya samaki."

Siwezi kumkasirikia mtoto mwenye moyo kama huo. Tulicheka. Lakini alikuwa amenipa jambo moja la maana: haimo. Hakusema kitabu kimepotea, alisema kitabu kipo na makala haimo.

Asistenti aliposikia akasema Wabelgiji wameificha. Hii nayo ni tabia yetu, karatasi ikikosekana tunatafuta njama. Mimi nikarudi kwenye rafu za tasnifu. Nikashusha zile za zamani, zilizopigwa kwa mashine ya taipu, nikafungua bibliografia moja baada ya nyingine, vumbi mpaka puani. Katika ile ya zamani kuliko zote niliyoipata imeandikwa: juzuu 41, mwaka 1960. Katika zile za karibuni: juzuu 41, mwaka 1950. Kurasa ni zilezile.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo najivunia. Jarida lile lilianza mwaka 1910 na lilihesabu juzuu moja kila mwaka. Kama la kwanza ni la 1910, la 41 ni la 1950, na la 51 ni la 1960. Kwa hiyo "41, 1960" haiwezekani. Namba moja kati ya hizo mbili ni ya uongo. Mtu fulani wa kati, mwenye akili lakini asiye na jarida mkononi, aliona kwamba haziendani, akasahihisha mwaka. Akaweka 1950. Hesabu ikakaa sawa, na wote waliomfuata wakanakili. Rejea ikawa nzuri, imenyooka, na haielekei popote.

Na jibu lilikuwa mbele yetu muda wote. Mwaka 1950 Ziwa Kivu halikuwa na sambaza hata mmoja! Nani angeandika mwaka huo habari ya samaki ambaye bado yuko Tanganyika? Nikamuuliza asistenti swali hilo, taratibu, kwa heshima, mbele ya wanafunzi wake wawili. Akaiangalia karatasi, akaniangalia mimi, akasema, "Mama Biblio, unaweza kunitesa." Kilichokosewa kilikuwa juzuu. Mpiga taipu wa zamani aligonga 4 badala ya 5.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Kuna mtandao wa wakutubi wa kujitolea, RSCVD, ulioanzishwa mwaka 2020 Covid-19 ilipofunga maktaba za dunia. Unajaza fomu, mkutubi mwenye kitabu popote alipo anakuskania, huulizwi pesa. Sharti ni kwamba anayeomba awe maktaba, si mwanafunzi kwa jina lake, na hilo ndilo kaka yangu hakulielewa aliponiuliza kwa nini kijana hawezi kujaza mwenyewe. Zamani kulipana kati ya maktaba ndiko kulikotuua. Tangu 1995 IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, ilikuwa na vocha zake za plastiki, unatuma vocha badala ya kutuma pesa benki, wazo zuri kabisa, ila nalo lilitaka posta, na posta kwetu tunaijua.

Niliandika: juzuu 51, 1960. Nikaongeza mstari mmoja kwamba rejea zinazozunguka zinasema 41 na 1950, zisifuatwe. Mstari huo usiuache kamwe. Mkutubi wa upande wa pili ana maombi mengi. Ukimpa sababu ya kukurudishia "haipo kama ilivyotajwa", atakurudishia. Nikaandika pia kwamba jina la jarida lilirefushwa baadaye kwa kuongezwa Ruanda-Urundi, asije akalitafuta kwenye katalogi kwa jina fupi akalikosa.

Siku chache tu, jibu. PDF moja, kurasa zimenyooka, namba zinaonekana, hakuna kidole. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, nikaipakua kwa simu ikiwa na chaji kidogo sana, na sikuthubutu kuifungua mpaka nilipoipeleka duka la fotokopi lenye jenereta. Franga nilizolipa pale kwa kuchaji na kuchapisha ndiyo gharama yote ya kazi. Labda na mega zilizoliwa na kidole gumba.

Tangu hapo nimejipa cheo. Tuna kikundi cha wakutubi wachache, wa hapa, wa Goma na wa Lubumbashi, na mimi ndiye askari wa kikundi. Anayetuma picha kama picha namrudishia. Anayeomba "ile makala ya profesa ya udongo" namrudishia. Makala moja kwa mtu mmoja anayesoma, ndiyo. Kitabu kizima cha mwandishi aliye hai, hapana, hata ukiniletea soda. Na kila faili ianze na picha ya jalada na ukurasa wa jina, la sivyo miaka ishirini ijayo mtu mwingine atahesabu majuzuu kama mimi.

Mafaili makubwa tunayatuma kwa boti. Wanaotoka semina hawapendi kulisikia hili. Mwenzangu wa Goma akiskani ripoti ya kurasa mia tatu, kuituma kwa mtandao ni kukesha, inafika asilimia tisini na kitu halafu inaanza upya. Flash ndani ya bahasha, bahasha mkononi mwa msafiri wa boti ya haraka, na saa chache baadaye niko bandarini nayo. Wekeni nywila kwenye faili, na bakini na nakala, kwa sababu flash ndogo hupotea mfukoni. Zaidi ya hapo sijaona teknolojia ya kuishinda boti kwa bei ile.

Kuskani kwenyewe nafanyia dirishani. Katoni ya sabuni nimeitoboa juu, simu inalala pale ikiangalia chini, haitikisiki. Kitabu kiko ndani, kimefunikwa na kioo nilichokatiwa kwa fundi, dola mbili au tatu hivi, kingo zimesagwa nisijikate. Nyuma ya karatasi nyembamba za taipu naweka karatasi nyeusi, kwa sababu nyeupe inaruhusu maandishi ya upande wa pili kupenya. Saa nzuri ni kabla ya jua kuingia moja kwa moja. Likiingia, kioo kinakurudishia uso wako mwenyewe. Wageni huicheka katoni mpaka waone PDF.

Na katoni hiyo imekwishatoka nje ya nchi. Maktaba moja ya ng'ambo iliniandikia, kwa adabu nyingi, ikiomba sura moja ya tasnifu iliyoandikwa hapa Bukavu zamani, nakala ambayo haikuonekana katika katalogi yoyote isipokuwa orodha yetu, ile niliyoichapa na kuisambaza mwenyewe. Mkuu wetu alishangaa, akauliza watatulipa nini. Nikamwambia tumeshalipwa, sambaza ilikuja bure. Hakuridhika sana, lakini alisaini. Kwa miaka yote watu walifikiri kuazimana ni sisi kuomba na wao kutoa. Rafu zetu zimejaa tasnifu ambazo nakala yake iko hapa tu, na wa kuzitaka wapo.

Kilichonishinda bado ni ramani. Kuna moja imekunjwa mwishoni mwa ripoti ya zamani, ikifunguliwa inajaza meza, na mwenzangu wa Lubumbashi anaisubiri. Ndani ya katoni haiingii. Nikiipiga vipande, mistari haikutani vizuri pale mikunjo ilipo, na kuilaza chini ya kioo kwa nguvu naogopa itapasuka. Kama kuna mtu aliyefanikiwa na ramani ya ukubwa huo kwa simu tu, aniambie alitumia nini. Tafadhali asinitajie seva.