Wimbo nilioupenda ndio niliouondoa

Kwa miezi miwili niliutunza wimbo mmoja kama yai. Ulikuwa wa mhusika mkuu wa igizo letu, binti anayetaka kuihama nyumba ya baba yake: beti tatu, vina vya kati na vya mwisho, na kiitikio ambacho waigizaji waliondoka nacho mdomoni kila jioni. Siku ya onyesho la majaribio, ubeti wa pili haujafika nusu, watu wakaanza kukohoa. Kikohozi cha ukumbini nakijua sasa, si mafua.

Mwongozaji aliniuliza swali moja tu. "Anapoanza kuimba anataka kuondoka. Anapomaliza bado anataka kuondoka. Sasa kaimba nini?"

Nilinuna siku mbili. Kilichonipoza ni kumkumbuka Stephen Sondheim, mtunzi wa nyimbo za maigizo wa Marekani: mwaka 1962, igizo lake la vichekesho lilipokuwa likijaribiwa Washington, hadhira haikucheka. Mwongozaji mwingine, Jerome Robbins, akashauri wimbo wa ufunguzi ubadilishwe, na badala yake ukazaliwa "Comedy Tonight", yaani "Usiku wa Vichekesho". Kama yeye aliondoa wake, mimi nani?

Nikaanza upya, kinanda nimekifunika. Niliandika kwanza matendo. Ubeti wa kwanza anapiga pasi shati la baba. Wa pili anakunja nguo. Wa tatu tunagundua nguo anazokunja ni zake, na sanduku liko wazi. Maneno yakapungua yenyewe. Vina pia nilivipunguza, maana kina cha "a" Kiswahili hukupa bure kwenye vitenzi, na cha bure huchosha sikio.

Kilichonitoa jasho ni mkazo. Mstari ulisema "naiona barabara", akimaanisha njia ya kuondokea. Lakini noti ndefu niliiweka kwenye "ra" ya kwanza, na ukiimba hivyo barabara inageuka kuwa "sawasawa". Mwigizaji mmoja akaniuliza, "Anaona nini vizuri hivyo?" Nikaisogeza noti silabi moja mbele, njia ikarudi.

Onyesho lililofuata hakuna aliyepiga makofi wimbo ulipokwisha: sanduku lilifungwa, na tukio likaendelea papo hapo. Nilihesabu kikohozi kimoja, cha mpiga ngoma wetu.

Mahadhi ya ule wimbo wa zamani sikuyatupa. Yanapigwa mwishoni, bila maneno, baba anapolikuta shati lake limenyooshwa upande mmoja tu.