Nilifuata mbolea ya kuku, nikafika kwenye mayai na maembe

Yai la kumi na moja ndilo lililoniangusha. Ilikuwa Agosti 2024, nina gato, yaani keki, ya harusi ya ngazi tatu, na kwa kiburi cha mzoefu nilikuwa napasua mayai moja kwa moja ndani ya beseni lenye siagi na sukari. Kumi ya kwanza, safi. La kumi na moja likatoa harufu iliyomfanya jirani aulize kutoka upande wa pili wa ukuta kama choo chetu kimejaa. Marehemu mama alinifundisha nikiwa na miaka tisa: yai hupasuliwa kwenye kikombe kwanza. Nilimkumbuka siku ile nikiwa na arobaini na mbili, beseni zima likielekea shimo la takataka. Hasara kama dola ishirini, achia mbali machozi.

Mayai mengi tunayokula huku Lubumbashi, Kongo, yanatoka Zambia, yanapita mpakani Kasumbalesa kwa malori. Mwezi ule Zambia ilifunga mpaka kwa siku chache, ugomvi wa bia na vinywaji baridi ambavyo Kongo ilizuia visiingie. Siku chache tu, lakini zilimtosha mama anayeniuzia pale mtaani Katuba kupandisha bei ya plato ya mayai 30, kisha akatoa na yale aliyokuwa ameyasahau nyuma ya duka. Simlaumu sana. Mwenye haraka nilikuwa mimi.

Nikaapa kwamba mayai yangu nitayatoa shambani, kwa mtu ninayemwona uso. Na hapo ndipo mashauri yakaanza kunyesha. La kwanza na la ovyo kuliko yote lilitoka kwa shemeji yangu, mtu anayejua kila kitu: "Shemeji, weye shuka tu ruti Kipushi, utaona vibao vya ferme pande zote." Yaani barabara ya Kipushi, na vibao vya mashamba.

Vibao nikaviona kweli. Jumapili nzima nilivizunguka na binti yangu, nauli yote mfukoni mwangu. Kibao cha kwanza kilikuwa kwenye geti la chuma, ukuta wenye vipande vya chupa juu, mlinzi amevaa koti zito katika jua la saa saba. Nikauliza, "Papa, kuku iko?" Akajibu kwa heshima zote, "Iko, mama. Ya kuchoma." Ndani kulikuwa na vibanda vya nyasi, bwawa la kuogelea na muziki. Huku kwetu ferme mara nyingi ni mahali pa wakubwa kunywea bia Jumapili. Binti yangu alitaka tuingie. Kibao cha pili kilikuwa cha samaki, na mabwawa yalikuwa makavu. Cha tatu kilikuwa na mlinzi, mahindi ya mlinzi, na mwenye mali anayeishi Kinshasa.

Cha nne sikukiona kwa macho, nilikinusa. Kuku wa kweli, mabanda marefu, sauti yao kama mvua juu ya bati. Nikafurahi mpaka nikasahau adabu. Getini kulikuwa na beseni la chokaa la kukanyagia, nikaliruka ili nisichafue viatu. Kijana akaja mbio: "Hapana ingia!" Nami, ili kumwonyesha kwamba ni mnunuzi makini, nikamwambia kwamba asubuhi ile nimepitia soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, kwenye kuku wa hai, kulinganisha bei. Ningesema nimetoka kuchoma moto kanisa, angenitazama vizuri zaidi. Ugonjwa wa Newcastle unaweza kufagia banda zima ndani ya siku chache, na unasafiri hata kwenye soli ya kiatu. Soko la kuku wa hai ndilo mahali pabaya kuliko pote pa kupitia kabla ya kwenda shambani. Geti likafungwa. Kijana akasema juu ya ukuta kwamba hata hivyo hawauzi chini ya plato 20.

Wengine waliniambia niachane na mafermeri nitafute mayai ya kuku wa kienyeji, wanaojizungukia nje. Nayapenda sana, ila mimi nauliza kwanza wanazunguka wapi. Kule mtaani Penga Penga moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba ulishuka miaka na miaka tangu 1911, udongo ukajaa shaba na risasi mpaka miti ikakataa kuota. Kuku anadonoa udongo kutwa nzima. Asante, nitapita.

Sasa sikilizeni ujanja wangu, maana huu haukutoka kwa shemeji.

Mama mmoja ananiuzia lengalenga, mchicha wetu, kila wiki. Lengalenga yake ina majani mapana kuliko ya wenzake, na siku moja nilipita bustanini kwake bondeni kuchukua ya mapema. Kando ya matuta kulikuwa na magunia ya mbolea ya kuku. Gunia moja lilikuwa wazi. Nikainama, na katikati ya vumbi la mbao na manyoya nikaona vipande vya maganda ya mayai. Nilisimama pale kama mtu aliyeokota almasi. Mbolea ya kuku wa nyama haina maganda! Magunia haya yalitoka kwenye kuku wa mayai, na yalikuja kwa baiskeli, kwa hiyo hapakuwa mbali.

Nikamuuliza anayatoa wapi. Akanuna. "Juu ya nini unataka kujua?" Mbolea nzuri hugombaniwa, alidhani namwibia chimbuko lake. Nikamwapia: "Mama, miye sitafute mavi ya kuku, natafuta mayayi." Akacheka, lakini hakusema. Akanionea huruma kidogo tu: kijana wa baiskeli huleta Jumamosi asubuhi.

Jumamosi nilikuwa pale kabla ya jua, nimekodi moto, yaani pikipiki. Kijana akafika, akashusha magunia manne, akalipwa, akageuza baiskeli tupu. Nikamwambia dereva, "Mufuate yule, polepole, asituone." Dereva akanitazama kwenye kioo, akaniuliza kwa upole kama yule ni mume wangu. Nikasema hapana. Akasema, "Basi ni mukwe." Njia nzima alinifariji, akanisimulia jinsi dada yake naye alivyomfuata wa kwake hadi Ruashi. Kijana wa baiskeli alituona baada ya dakika tano, bila shaka. Moto inayokwenda mwendo wa kutembea inapiga kelele kuliko inayokimbia. Akaanza kukanyaga kwa nguvu. Tukakimbizana na baiskeli kwenye barabara ya vumbi jekundu, mimi na kitambaa changu cha kanisani kichwani, mpaka mnyororo wake ukachomoka. Ikabidi nimweleze. Alitetemeka, maskini, alidhani ni mambo ya deni. Nikampa pesa ya soda, akatupeleka mwenyewe.

Mwenye shamba ni mzee aliyetoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mwaka 2003, katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliochukua wafanyakazi zaidi ya 10,000. Wengi pesa zile ziliyeyuka. Yeye alinunua ardhi, akapanda maembe na mapera, baadaye akaleta kuku. Ana kuku kama mia tatu hivi. Safari hii nilikanyaga chokaa bila kuambiwa, na banda nikalitazama kwa mbali.

Alinifundisha kuja baada ya saa nne asubuhi, kwa sababu kuku wengi hutaga asubuhi na yai la saa tano ni la leo kweli. Kupiga simu jana yake. Kuja na plato zangu tupu, hapo bei inashuka kidogo. Ninalipa faranga elfu kumi na kitu kwa plato, siku nyingine zaidi, inategemea bei ya chakula cha kuku na jinsi alivyolala. Ukiongeza moto, si rahisi kuliko sokoni. Anayewaambia kwamba shambani ni bure hajawahi kwenda.

Kiini chake ni cha njano iliyoiva, na gato zangu sasa zina rangi bila unga wa paketi. Mahindi yetu Katanga ni meupe, na kuku anayekula hayo peke yake hutoa kiini kilichopauka. Watu husema ni yai la dawa, kumbe rangi inatoka kwenye chakula tu. Yule mzee huwapa kuku majani mabichi kila jioni. Majani gani? Lengalenga iliyozeeka, inayorudi na ile baiskeli kutoka kwa mama wa bustani! Mama yule anampa majani, mzee anampa mbolea, na wote wawili walininyamazia.

Mara ya kwanza nilivunja saba njiani. Sasa nafunga plato tupu juu ya iliyojaa, nazibana na mpira wa tairi la ndani la baiskeli, na nazipakata magotini, sizifungi nyuma. Nyumbani siyaoshi, maana maji yanaondoa ule utando unaoziba vitundu vya ganda. Ncha nyembamba inakaa chini. Na yote, hata ya mzee, yanapita kwenye ndoo ya maji siku ya kupika: linalolala chini ni jipya, linalosimama wima limezeeka, kwa kuwa maji yametoka kwenye ganda na hewa imeingia. Linaloelea simpi hata adui. Halafu kikombe, mama, nimesikia.

Mume wangu ana lalamiko moja, kwamba mayai haya yakichemshwa hayamenyeki. Ni kweli, yai jipya sana hung'ang'ania ganda lake. Namwachia ya wiki moja.

Novemba mzee akapiga simu yeye mwenyewe: maembe yanaanguka, wanangu wako Kolwezi, njoo uchume, unalipa kwa beseni. Mjini watu walinicheka. Kulipa ili upande juu ya mti wa embe, wakati kila kiwanja Lubumbashi kina mwembe! Kwetu hakuna, na ya barabarani huchumwa kwa mawe. Embe lililopigwa jiwe au kutikiswa likaanguka linaoza kabla hujamaliza beseni. La kuchuma kwa mkono linakaa wiki nzima. Tulitumia ufito mrefu wenye chupa ya plastiki iliyokatwa mdomoni, embe linaingia ndani, unazungusha, limeachia.

Shemeji alikuja. Hakuhitaji ufito wenye chupa, yeye alikulia kijijini. Alipanda, akang'oa kikonyo kwenye tunda, na utomvu ukamrukia shingoni na usoni. Nilimwambia anawe na sabuni, akasema ni maji tu ya embe. Jumatatu alikwenda kazini na malengelenge, amevaa skafu ya mkewe mwezi wa Novemba. Mzee alikuwa ametuonyesha: kata ukiacha kikonyo cha urefu wa kidole, ukikipunguza baadaye ligeuze embe kichwa chini mpaka liache kutoka utomvu. Chagua lililojaa mabega pembeni ya kikonyo. Na kama una shaka, litie kwenye maji, lililokomaa huzama, changa huelea. Ndoo ileile ya mayai! Niliporudi nyumbani niliionyesha familia nzima kama mchawi, hakuna aliyeshangaa ila mimi.

Njiani kurudi tulinunua na masuku, matunda ya porini, kwa watoto waliokaa kando ya barabara. Hayo hayahitaji shamba, msitu unayatoa wenyewe na yaliyoiva huokotwa chini. Mapera nimeambiwa nirudi Februari.

Tatizo la sasa ni kwamba kuku wa mzee wamechoka kutaga. Anawauza wote kabla ya Noeli, nimeshaweka wanne wa kupika na bukari, yaani ugali. Vifaranga wapya wakija, ni kama miezi mitano kabla ya yai la kwanza. Kwa hiyo Jumamosi ijayo nashuka tena bondeni, kufungua magunia ya watu.