Tipa jipya, na Ami kaamua

Leo tulikuwa mjini Unguja kuandika oda ya tipa la kubebea mawe kule Pemba.

Mie macho yote kwenye injini: nguvu ya farasi 371 au zaidi?

Ami, dereva wetu, hata hakuuliza. Kaingia chini ya gari la maonyesho na kanzu yake, anagonga springi za nyuma kwa spana, anahesabu pleti moja moja. Muuzaji kaduwaa.

“Mlima wa Mkoani kupanda si kazi. Kazi kushuka umejaza,” Ami kasema.

Basi: difu mbili (ekseli mbili za nyuma zote zinasukuma), tairi kumi, breki ya injini. Bodi kubwa, yaani sanduku la mzigo, Ami kaikataa katakata. “Mawe si mchanga. Bodi kubwa itawatia tamaa ya kujaza kupita kiasi.”

Wenye matipa Pemba, nyie mmechukua bodi ya ukubwa gani?