Chanda na Pete Ndani ya Kiini cha Seli

Mwaka jana, baada ya kipindi cha mwisho cha siku ya Alhamisi, mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita alinifuata hadi mlangoni mwa maabara, akaniamkia, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Mwalimu, umetuambia DNA huanza kunakiliwa mahali maelfu kwa wakati mmoja. Sasa seli inajuaje kwamba kipande hiki kimeshanakiliwa, isije ikakirudia?" Nilimjibu harakaharaka kwamba vimeng'enya "hutambua" uzi mpya, nikafunga mlango na kwenda zangu. Nilipofika kituo cha daladala nilikuwa nimeshajua kwamba sikumjibu, kwa sababu lile neno "hutambua" lilikuwa limefunika shimo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kulichungulia.

Namna tunavyoifundisha mada hii hufanana na kusoma kikosi cha timu kabla ya mechi. Helikesi hufungua nyuzi, primesi huweka mwanzo, polimeresi huandika, ligesi huunga, na mwanafunzi akiyataja majina hayo kwa mpangilio hupata alama zake zote. Nani huwaruhusu kuingia uwanjani, nani huwazuia wasicheze mechi ileile mara mbili, na nani huwaita mafundi uzi unapoharibika, hayo hayatoki kwenye mtihani, na kwa hiyo tunayaruka. Ninachoandika hapa ni deni langu kwa yule kijana, nililolilipa darasani wiki mbili baadaye kwa kamba ya katani na bangili.

Kwanza ukubwa wa kazi yenyewe. Kila seli ya mwili wa binadamu hubeba takriban jozi bilioni 6 za besi, ambazo kwa urahisi nitaziita herufi. Panda ya kunakili, yaani pale nyuzi mbili zinapoachana, husogea kwa herufi kati ya 1000 na 2000 hivi kwa dakika. Kromosomu yetu ndefu kuliko zote ina herufi karibu milioni 250. Kama ingekuwa na kianzio kimoja tu katikati, na panda mbili zikaondoka hapo kuelekea pande zote mbili, kazi isingekwisha kabla ya mwezi kupita. Seli huimaliza kwa saa 8 hivi, kwa sababu ina vianzio makumi ya maelfu. Hapo ndipo swali la kijana linapouma, kwani kianzio kimoja kikianza mara mbili, seli itabaki na kipande chenye nakala zaidi ya zinazotakiwa, na kromosomu za namna hiyo hukatika na kuungana ovyo.

Njia ya kulijibu ilifunguliwa mwaka 1970, pale Potu Rao na Robert Johnson walipounganisha seli mbili zikawa moja yenye viini viwili. Walitumia seli za HeLa, zile zilizotoka katika uvimbe wa Henrietta Lacks mwaka 1951, wakaziunganisha kwa virusi vya Sendai vilivyokwisha kuondolewa nguvu. Kiini ambacho hakijaanza kunakili DNA yake kilipowekwa pamoja na kiini kilicho katikati ya kazi hiyo, kilianza mapema kuliko kawaida yake. Lakini kiini kilichokwisha kumaliza, kikiwa ndani ya ute uleule, kikizungukwa na vimeng'enya vilevile, kilikaa kimya. Ishara ya kuanza ilikuwapo, vifaa vilikuwapo, na jirani yake alikuwa kazini, lakini hakikuitikia. Ilionekana kwamba kilikosa kitu ndani yake chenyewe. Mwaka 1988 Julian Blow na Ron Laskey, wakitumia ute wa mayai ya chura wa kusini mwa Afrika aitwaye Xenopus, walipendekeza kwamba kitu hicho ni kama kibali: hutolewa kabla ya kazi, hutumika mara moja, na hakitolewi tena mpaka seli igawanyike.

Leo tunajua kibali hicho kina umbo gani. Ni pete ya protini sita za kundi la MCM. Protini za ORC hukaa kwenye kianzio, huwaita wenzao Cdc6 na Cdt1, na kwa pamoja huvalisha DNA pete mbili za MCM ambazo hukaa zimelala. Wakati wa kunakili ukifika, vimeng'enya vya kundi la CDK, pamoja na kingine kiitwacho DDK, huziamsha, nazo huachana na kwenda kila moja upande wake, zikifungua nyuzi njiani, kwani ndizo moyo wa ile helikesi. Ujanja wote uko katika kutenganisha nyakati: muda wa kuvalisha haukutani kamwe na muda wa kuamsha. CDK ileile inayoziamsha pete ndiyo inayowazuia wavalishaji wasiendelee. Protini nyingine, jeminini, iliyotambuliwa mwaka 1998, huishika Cdt1 isifanye kazi. Na Cdt1 yenyewe husagwa mara tu kunakili kunapoanza. Inayoashiria kwamba kumeanza ni pete nyingine kabisa, na hiyo ndiyo iliyonifanya nitafute bangili.

Huitwa PCNA, jina ambalo halisemi lolote kuhusu kazi yake, kwa kuwa ilifahamika kwanza kama shabaha tu. Mwaka 1978 watafiti waliokuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa lupasi, maradhi ambayo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, waligundua kwamba baadhi yao walikuwa na kingamwili zilizoshambulia protini fulani inayojaa katika viini vya seli zinazozaliana. Ilichukua miaka mingine 9, hadi 1987, kubaini kwamba protini hiyo ndiyo msaidizi ambaye polimeresi delta haiwezi kufanya kazi ndefu bila yeye. Imeundwa kwa vipande vitatu vinavyofanana, kila kimoja chenye asidi amino (yaani matofali ya protini) 261, vilivyoshikana vikafanya duara. Tundu lake lina upana wa nanomita 3.5 hivi na DNA ina nanomita 2, kwa hiyo pete haibani wala haipwayi sana. Waswahili husema wawili wamependana kama chanda na pete. Hapa chanda ni chembe ya urithi yenyewe, na pete huteleza juu yake ikimburuta polimeresi ambaye, akiachwa peke yake, hudondoka baada ya kuandika herufi chache.

Darasani nilisokota nyuzi mbili za katani zikawa kamba moja, nikapitisha bangili, nikafunga ncha za kamba kwenye madawati mawili. Nilipoanza kuachanisha nyuzi katikati, sehemu ya mbele ilijikaza na kujikunja mafundo, na hilo likatupeleka pembeni kidogo kwenye vimeng'enya vya topoisomeresi, ambavyo kazi yake ni kulegeza msokoto huo kwa kukata na kuunga tena. Dawa ya sipro inayouzwa katika kila duka la dawa huua bakteria kwa kuviharibia kazi vimeng'enya vyao vya aina hiyo. Lakini yule kijana alikuwa ameona jambo jingine. "Bangili umeiingiza kabla hujafunga kamba," akasema. "Kwenye seli nani anaiingiza?" Swali zuri, kwa sababu pete haiwezi kuingilia nchani mwa kromosomu kisha iteleze mamilioni ya herufi. Kuna mashine ya protini tano iitwayo RFC, ambayo hutumia nguvu ya ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, kuitanua pete upande mmoja, huivalisha pale palipo na mwanzo wa uandishi, kisha huiacha ijifunge. Kazi hiyo hufanyika mara nyingi kupita kiasi, kwani uzi mmoja kati ya miwili huandikwa vipandevipande vya herufi kama 200, na kila kipande huhitaji pete yake. Ukigawanya bilioni 6 kwa 200 utapata pete milioni 30 katika mzunguko mmoja wa seli moja. Vipande hivyo vina jina la Reiji Okazaki na mkewe Tsuneko, waliovieleza huko Nagoya miaka ya 1960. Reiji alizaliwa Hiroshima, akapigwa na mionzi ya bomu la 1945, na mwaka 1975 akafa kwa saratani ya damu akiwa na miaka 44.

Turudi kwa Cdt1. Katika seli zetu, Cdt1 ina mkia mfupi unaonasa kwenye PCNA, lakini ile tu iliyokwisha kuvalishwa DNA. Ikinasa hapo, huja kimeng'enya kinachoibandika alama za yubikwitini, protini ndogo sana, na chochote chenye mnyororo wa alama hizo hupelekwa kusagwa. Kwa maneno mengine, kuwapo kwa pete kwenye uzi ndiko ushahidi kwamba uandishi umeanza, na ushahidi huohuo humwondoa anayetoa vibali. Seli haina haja ya kukumbuka ni wapi imeshapita. Jambo linalonifurahisha zaidi ni kwamba pete hiyo huvalishwa pia wakati wa ukarabati, hivyo seli iliyounguzwa na mionzi huipoteza Cdt1 yake hata kama haikuwa imeanza kunakili, na hakuna kibali kipya kinachotolewa mpaka mambo yatulie.

Ukarabati nao una sura nyingi, na nitakaa na mmoja tu, ule wa jua. Mionzi ya urujuanimno ikipiga herufi mbili za thaimini zilizokaa sambamba, huzigandanisha zikawa kama meno yaliyoota pamoja. Melanini, ile rangi ya ngozi, hupunguza kipigo hicho, na ndiyo maana wenzetu wenye ualbino hapa Tanzania hupata saratani za ngozi wakiwa bado vijana: protini zao za ukarabati ni nzima, ila mzigo unaozifikia ni mkubwa mno. Kwa kawaida mafundi hukata kipande cha herufi kama 30 chenye kasoro hiyo, na polimeresi huja kujaza pengo ikiwa imeshikwa na pete ileile ya PCNA. Lakini panda ya kunakili inaweza kufika kabla ya mafundi. Polimeresi delta ina kinywa chembamba. Ikikutana na thaimini zilizogandana hukwama, huku helikesi ikiendelea kufungua nyuzi mbele na kuacha uzi mmoja uchi. Protini za RPA huufunika uzi huo, na mrundikano wao ndio kengele inayowaita vimeng'enya wawili, RAD6 na RAD18.

Wawili hawa huifuata pete iliyokwama na kubandika yubikwitini moja kwenye asidi amino ya 164 ya kila kipande. Mwaka 2002 kundi la Stefan Jentsch, huko Martinsried nchini Ujerumani, lilionyesha kwa kutumia hamira kwamba nafasi hiyohiyo moja ndiyo inayoamua kila kitu. Ikibandikwa alama moja, pete humpokea mwandishi mwingine. Ikibandikwa mnyororo wa alama, panda hukwepa kasoro kwa kunakili kutoka kwa uzi pacha uliokwisha kuandikwa. Ikibandikwa protini ndogo iitwayo sumo, hamira huzuia nyuzi zisibadilishane vipande ovyo. Alama ya yubikwitini ambayo kwa Cdt1 ilikuwa hati ya kifo, hapa ni maelekezo tu ya kazi.

Mwandishi mwingine huyo ni polimeresi eta, na sifa zake haziridhishi hata kidogo. Kwenye DNA safi hukosea mara kadhaa katika kila herufi 1000, wakati delta hujisahihisha na kukosea kwa nadra sana. Kinywa chake, hata hivyo, ni kipana, hukaa vizuri juu ya thaimini zilizogandana, na huandika adenini mbili mbele yake, yaani herufi sahihi hasa. Hawezi kuachiwa uwanja wote, wala hawezi kufukuzwa. Mwaka 1999 iligunduliwa kwamba watu wasio na polimeresi hiyo ndio wenye aina moja ya xeroderma pigmentosum, ugonjwa wa kurithi wa ngozi isiyostahimili jua, ambayo ilikuwa imewatatiza madaktari kwa muda mrefu: uwezo wao wa kukata kasoro ulikuwa kamili, lakini ngozi yao iliota saratani kila ilipopigwa na jua. Kumbe kasoro iliyosubiri kukatwa ilikuwa ikivukwa na waandishi wasioijua, nao waliandika makosa.

Kuhusu makosa ya kawaida ya tahajia, yale ambayo delta huyaacha, nitasema moja tu. Ili kuyasahihisha ni lazima fundi ajue uzi upi ni wa zamani na upi ni mpya, kwa sababu kosa liko kwenye mpya. Pete ya PCNA ina nyuso mbili zisizofanana na huvalishwa ikitazama upande mmoja tu wa uandishi. Kimeng'enya cha usahihishaji huisoma ilivyokaa na kukata uzi unaostahili. Neno langu "hutambua" lilikuwa limefukia hayo yote.

Pete hiyo pia ndiyo breki. Seli ikiumia sana, protini ya p53 huagiza p21 itengenezwe, na p21 hukalia mfuko uleule wa PCNA ambao polimeresi hujishikiza. Mwandishi hukosa pa kushika, na kazi husimama.

Tulipomaliza, kijana alitaka kujua pete huondokaje. Uzi ukishaungwa na ligesi, mashine ndugu wa RFC inayobebwa na protini ATAD5 huifungua na kuitoa, na kimeng'enya USP1 huwa kimeshaisafisha yubikwitini yake. Katika seli zilizonyimwa ATAD5, pete hubaki zimelundikana kwenye DNA na kromosomu huanza kukatika. Sisi hatukuwa na ATAD5. Bangili ilikuwa ya mke wangu na ilitakiwa irudi nyumbani nzima, kwa hiyo ilitubidi kufungua fundo la kamba kwenye dawati moja na kuitoa kwa kupitia nchani.